Hakuahidi kufunga visima: ilani ya Gustavo Petro wa Kolombia ikisomwa kutoka Mtwara

Mjomba wangu ana mikorosho njia ya kwenda Msimbati. Pembezoni mwa shamba lake kuna vigingi vinavyoonyesha bomba la gesi linakopita chini ya ardhi, na kila mwaka anapofyeka majani huvisafisha na vigingi hivyo, ingawa hakuna aliyemtuma. Msimu uliopita tulikaa kwenye jamvi chini ya mwembe tukichambua korosho kabla ya kuzipeleka ghalani: nzuri upande huu, zenye madoa na zilizosinyaa upande ule. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Alikuwa amesikia redioni kwamba kuna nchi ya Amerika Kusini iliyompa urais mtu aliyeahidi kuachana na mafuta na gesi.

"Mpwa wangu," akasema, korosho moja ikiwa bado kati ya kidole gumba na cha shahada, "sisi tuliingia barabarani kwa ajili ya gesi. Hao wenzetu wanampigia kura mtu anayeikataa. Wana shibe gani hao?"

Nchi yenyewe ni Kolombia na mtu mwenyewe ni Gustavo Petro. Alishinda duru ya pili ya uchaguzi tarehe 19 Juni 2022 kwa asilimia 50.4 ya kura dhidi ya asilimia 47.3 za mfanyabiashara Rodolfo Hernández, akawa rais wa kwanza wa mrengo wa kushoto katika historia ya nchi hiyo. Swali la mjomba lilinikaa moyoni, nikaanza kusoma. La kwanza nililolikuta ni kwamba tulikuwa tumesikia nusu ya habari. Petro hakuahidi kufunga kisima hata kimoja. Aliahidi kwamba serikali yake haitatoa mikataba mipya ya kutafuta mafuta, gesi na makaa ya mawe. Visima na migodi yenye mikataba iendelee na kazi mpaka mikataba iishe, na katika miaka hiyo nchi ijitafutie pato jingine. Ukizichanganya kauli hizo mbili, kufunga na kutofungua, kampeni nzima ya 2022 haieleweki. Ukizitenganisha, inaanza kueleweka.

Neno "kushoto" na kumbukumbu zake

Neno lenyewe limetoka Ufaransa, kwenye kikao cha wawakilishi cha mwaka 1789, ambapo waliotaka mamlaka ya mfalme yapunguzwe walikaa upande wa kushoto wa mwenyekiti. Siku hizi mgombea wa kushoto ni yule anayetaka serikali iingie kati katika mgawanyo wa ardhi, mali na huduma, na mwenye nacho achangie zaidi ya asiye nacho. Mengine hutofautiana nchi na nchi.

Ila huku kusini neno hilo halifiki likiwa tupu. Wazee wa Newala na Masasi wanakumbuka miaka ya 1970, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya wakaiacha mikorosho yao mbali nyuma yao. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Ulipofika msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, ubwiri unga ukiwa mmojawapo na bei ndogo aliyopewa mkulima ikiwa nyingine, lakini kuhamishwa kumo. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Kitangari kwamba kuna mgombea wa kushoto mwenye mpango wa ardhi, kitu cha kwanza anachokiona ni lori limebeba vitanda na vyungu vyake.

Mpango wa Petro haukuwa na lori hilo. Nalisema mapema kwa sababu nimewaona watu wakifunga masikio pale pale neno "ujamaa" linapotajwa, na hapo huwezi tena kueleza kitu.

Huyu Petro alizaliwa 1960. Ujanani alijiunga na M-19, kundi la waasi wa mijini lililoweka silaha chini mwaka 1990, na watu wake wakashiriki kuandika Katiba ya 1991. Petro akawa mbunge, kisha seneta, kisha meya wa mji mkuu, Bogotá, kuanzia 2012. Mwaka 2018 aligombea urais akashindwa na Iván Duque katika duru ya pili. Miaka minne baadaye, karibu mambo yaleyale aliyokataliwa nayo yakamwingiza ikulu. Kilichobadilika katikati ni hasira ya watu, na hasira hiyo ilianzia kwenye kodi.

Aprili 2021, watu wakiwa hoi kwa janga la korona, serikali ya Duque ilipeleka bungeni muswada wa kupanua kodi ya ongezeko la thamani na kuwaingiza watu wengi zaidi wa kipato cha kati kwenye kodi ya mapato. Tarehe 28 Aprili mgomo wa nchi nzima ukaanza. Mji wa Cali ulifungwa kwa vizuizi kwa wiki kadhaa. Watu wengi waliuawa, wengi wao vijana. Siku chache tu baada ya mgomo kuanza serikali iliuondoa muswada na waziri wa fedha akajiuzulu, lakini waandamanaji hawakurudi nyumbani. Walikuwa wamekwisha kugundua kwamba shida yao haikuwa muswada mmoja.

Kwa hiyo mtu anayeeleza ushindi wa Petro kwa kuanza na gesi anaanzia mlango wa nyuma. Kampeni ilizaliwa kwenye kodi na bei ya chakula.

Mwanamke aliyetembea siku kumi

Tazama ramani ya kura ya Juni 2022. Katikati ya nchi, kwenye milima na miji tajiri kama Medellín, Hernández aliongoza. Petro alishinda Bogotá, na pembeni alishinda kwa kishindo: pwani ya Karibi, pwani ya Pasifiki, mpaka wa kusini. Katika mikoa ya Chocó, Cauca na Nariño alipata zaidi ya asilimia 75. Hiyo ndiyo mikoa ya watu wenye asili ya Afrika na wenyeji wa kale wa nchi hiyo, yenye dhahabu, misitu na mito, na yenye barabara mbovu kuliko mingine. Mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna mji huko unaitwa Buenaventura. Ndiyo bandari kuu ya Kolombia upande wa Pasifiki. Makontena yanapita mchana na usiku, na wenyeji wanachota maji kwa saa chache kwa siku. Mei 2017 walifunga njia ya kwenda bandarini kwa siku 22 wakidai maji safi na hospitali. Niliposoma habari hiyo nilisimama nikatoka nje kidogo. Na sisi tuna bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa baada ya vita vya pili vya dunia kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea. Mradi ulikufa 1951, reli yake ikang'olewa, na bandari ikabaki ikisubiri mizigo kwa miaka mingi. Wao wana meli bila maji, sisi tulikuwa na kina bila meli.

Mgombea mwenza wa Petro alitoka kwenye mikoa hiyo. Francia Márquez, aliyezaliwa 1981 huko Cauca, aliwahi kufanya kazi za ndani, akasoma sheria, na mwaka 2014 akawaongoza wanawake 80 kutembea siku 10, takriban kilomita 560, mpaka Bogotá. Walikuwa wanapinga uchimbaji haramu wa dhahabu uliokuwa ukimwaga zebaki kwenye mto wao. Mwaka 2018 alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kauli yake ya kampeni ilikuwa "vivir sabroso", yaani kuishi kwa raha, na kila alipoulizwa maana yake alisema ni kuishi bila hofu na kwa heshima. Wapinzani wake waliigeuza wakasema anataka maisha ya anasa. Nadhani walimwelewa vizuri, wakaamua kutoelewa.

Hapo ndipo nilipopata mwanzo wa jibu la mjomba. Mwaka 2013 sisi tulitoka barabarani kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, tukisema "gesi haitoki". Januari machafuko yakaenea mpaka Masasi, na Mei 22, siku ya bajeti ya Nishati na Madini, Mtwara mjini palifuka moshi. Kuna waliopoteza maisha na waliochomewa nyumba, na jeshi lililetwa. Nakumbuka maduka ya Magomeni ya hapa Mtwara yamefungwa na harufu ya matairi imeingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa ndani. Ukitusikia kwa mbali utasema tulikuwa tunaipenda gesi. Lakini tulichokuwa tunadai ni mtambo wa umeme na viwanda vijengwe hapa, ili kitu kinachotoka chini ya miguu yetu kituachie chochote. Francia Márquez na wenzake walikuwa wanaliuliza lile lile wakiwa upande wa pili: dhahabu inakwenda, zebaki inabaki. Mtwara tuliogopa kuachwa mikono mitupu. Cauca walikuwa wamekwisha kuachwa, tena na sumu.

Chukua pia La Guajira, kaskazini kabisa. Kuna mgodi wa makaa ya mawe wa Cerrejón, mmoja wa migodi mikubwa ya wazi duniani. Treni ya makaa inakata nchi ya Wawayuu, wenyeji wa kale wa huko, takriban kilomita 150 mpaka bandarini, na vijiji vya kando ya reli hiyo vimekaa miaka na miaka bila maji ya kuaminika, watoto wakifa kwa utapiamlo. Kwa watu wa hapo, mgombea anayesema "tusifungue mgodi mwingine" hawanyang'anyi kitu walichokuwa nacho.

Hoja ya gesi, na pale inapopwaya

Petro alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni tabianchi. Ya pili ni ya kibiashara: dunia itaacha kununua makaa na mafuta, na nchi inayoyategemea itakuja kushtukia mnunuzi ameondoka. Nazikubali zote mbili. Tatizo ni kwamba mafuta na makaa ya mawe yalikuwa karibu nusu ya mauzo ya Kolombia nje ya nchi, na kampuni ya serikali, Ecopetrol, inachangia fungu kubwa la bajeti. Ilani ilitaja utalii, kilimo na viwanda kuwa mbadala, lakini hilo fungu halikuwa na hesabu nzito kama lile la kuachana na mafuta. Mtu anayekuambia uache kupanda korosho anatakiwa aje na mche mkononi.

Kisha likaja jambo lililowapa wapinzani nguvu. Desemba 2024 Kolombia ilianza kuagiza gesi kutoka nje kwa ajili ya majumbani na viwandani, wakati zamani iliagiza ya mitambo ya umeme tu. Wengi wakasema: haya, matunda ya Petro hayo.

Hapa watu wa Mtwara tuna ushahidi ambao mwananchi wa Bogotá hana. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa Oktoba 2015. Miaka 33. Ya Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, ikaanza kutumika Dar mwaka 2004. Gesi ya bahari kuu iliyoanza kugunduliwa 2010, ile ambayo mtambo wake umepangwa kujengwa Likong'o, Lindi, hadi ninapoandika haijawasha jiko la mtu. Kitalu cha kutafuta gesi kinachotolewa leo hakiwezi kutoa gesi mwaka kesho kutwa. Kwa hiyo uamuzi wa 2022 wa kutotoa mikataba mipya hauwezi kuwa ndio uliosababisha upungufu wa 2024. Visima vya zamani vilikuwa vimeanza kupungua kabla. Tena mwaka huohuo wa 2024 ilithibitishwa kwamba kisima cha Sirius, kwenye bahari ya Karibi, kina gesi ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 6, na kiko chini ya mkataba wa zamani ambao Petro hakuugusa. Madhara halisi ya uamuzi wake, yawe mabaya au mazuri, yataonekana miaka ya 2030, na atakayeulizwa si yeye.

Kodi, ardhi na wazee

Mwaka 2021 Duque alitaka kukusanya fedha kwenye bidhaa na kwa watu wa kipato cha kati. Mwaka 2022 Petro akageuza. Sheria yake ya kodi, iliyopita Novemba mwaka huohuo, iliweka kodi ya kudumu kwa wenye mali nyingi, nyongeza ya kodi kwa kampuni za mafuta na makaa inayopanda bei ya dunia inapopanda, na ushuru kwenye soda na vyakula vya viwandani. Kwenye kampeni alizungumzia peso trilioni 50. Muswada ulipofika bungeni ukawa wa trilioni 25. Sheria iliyotoka ikakadiriwa kuleta takriban trilioni 20. Usizipite haraka namba hizo tatu. Ahadi inapoanza safari jukwaani na inapofika kwenye kitabu cha sheria, uzito wake si ule ule. Halafu Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikafuta kipengele kilichozizuia kampuni za mafuta na madini kuondoa mrabaha kwenye hesabu ya kodi, na fungu likapungua tena.

Ardhi ndiyo sehemu iliyonichukua muda kuielewa, kwa sababu sheria yetu ni tofauti mno. Kwetu ardhi yote ni ya umma na Rais ameshika dhamana yake; mkulima wa Tandahimba ana ekari zake chache na miti yake, anamrithisha mwanawe au mpwa wake, na mgogoro wetu mkubwa huwa ni mipaka. Kolombia ni mashamba ya kumilikiwa. Kwa hesabu ya Oxfam ya mwaka 2017, asilimia 1 tu ya mashamba, yale makubwa kabisa, ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya kilimo, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo inachungwa ng'ombe wachache. Vita vya nusu karne kati ya serikali na waasi wa FARC vilianzia hapo. Mkataba wa amani wa 2016 uliahidi hekta milioni 3 kwa wakulima wasio na ardhi, na ahadi hiyo ikalala.

Watu walitarajia Petro angetaifisha. Oktoba 2022 akakaa meza moja na chama cha wafugaji wakubwa, Fedegán, maadui zake wa kisiasa wa siku zote, wakasaini kwamba serikali itanunua kwao ardhi kwa hiari. Kununua, kwa bei. Wafuasi wake wengine walikasirika. Mimi naona ilikuwa hatua ya busara kuliko zote za mwaka wake wa kwanza, kwa sababu ilimwondolea mwenye shamba kisingizio cha bunduki. Udhaifu wake unaonekana ukipiga hesabu: hekta milioni 3 zinahitaji fedha ambazo bajeti haikuwa nazo, na ununuzi ukaenda polepole.

Kuhusu wazee, ni takriban mmoja tu kati ya wanne Kolombia anayepata pensheni, kwa sababu wengi walifanya kazi bila ajira rasmi. Petro aliahidi kumpa kila mzee asiye na pensheni nusu ya kima cha chini cha mshahara. Jambo hilo si la ng'ambo kama linavyosikika: Zanzibar imekuwa ikimlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 tangu 2016, bila kumuuliza alifanya kazi wapi. Sheria ya Petro ilipita Juni 2024, ikiwa na kiasi kidogo kuliko alichoahidi, ianze kutumika tarehe 1 Julai 2025.

Afya nitaieleza kwa ufupi. Huko bima inasimamiwa na kampuni, za binafsi kwa sehemu kubwa, ambazo serikali huzipa fedha kwa kila mwanachama, nazo huzilipa hospitali. Mijini mfumo huo umefanya kazi kuliko wapinzani wake wanavyokiri. Vijijini kampuni haina sababu ya kufungua zahanati pasipo na watu wengi. Petro alitaka fedha zipite moja kwa moja kutoka serikalini hadi hospitalini na vituo vya msingi vijengwe kila mahali. Hapo ndipo alipogonga mwamba.

20 kati ya 108

Nimeitafuta njia ya kumweleza mjomba Bunge la Kolombia, nikaipata kwenye korosho.

Mwaka 2018, wanunuzi walipokuja na bei ya chini ya shilingi 3,000 kwa kilo na wakulima wakagoma kuuza, Rais Magufuli alitangaza mwezi Novemba kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likaleta malori kuzibeba. Neno moja la rais, na Jumatatu malori yako ghalani. Wapo waliosubiri malipo kwa miezi, na wenye korosho nyingi walihakikiwa shamba kwa shamba, lakini hakuna aliyeuliza kama Bunge limepiga kura. Miezi michache kabla, Juni, Bunge lilikuwa limepitisha mabadiliko yaliyopeleka ushuru wote wa korosho zinazouzwa nje kwenye mfuko mkuu wa serikali, wakati awali asilimia 65 ilirudi kwenye zao. Wabunge wa kusini walisema mpaka sauti zikawakauka. Muswada ukapita.

Kwa hiyo sisi tunapomsikia mgombea akiahidi, tunajiuliza jambo moja: ana nia au hana? Kwa Kolombia swali hilo halitoshi. Muungano wa Petro, Pacto Histórico, ulipata viti 20 kati ya 108 vya Seneti mwezi Machi 2022. Hakuna chama kilichopata zaidi, na bado havikufika hata moja ya tano. Alianza kwa kuunda ushirika na vyama vya zamani, Liberali na Conservador, akawagawia wizara, na kwa ushirika huo sheria ya kodi ikapita. Muswada wa afya ulipokuja, washirika wakakataa. Aprili 2023 ushirika ukavunjika na Petro akabadilisha mawaziri saba kwa mpigo, akiwemo wa fedha, José Antonio Ocampo, mchumi aliyeheshimiwa pande zote. Kwa maoni yangu lile lilikuwa kosa lake kubwa. Mtu mwenye viti 20 hafukuzi mawakili wake.

Aprili 2024 kamati ya Seneti iliuzika muswada wa afya. Machi 2025 kamati hiyohiyo ikauzika na muswada wa kazi, uliotaka nyongeza ya malipo ya usiku ianze saa 1 jioni na malipo ya Jumapili yapande. Safari hiyo Petro akatishia kulipeleka jambo kwa wananchi walipigie kura wenyewe, vyama vya wafanyakazi vikajaa barabarani, na maseneta wakaurudisha muswada na kuupitisha Juni 2025. Ushindi huo ulitoka chini zaidi kuliko ikulu.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo halikuwa kwenye mabango ya kampeni. Serikali zilizotangulia zilikuwa zimeshikilia bei ya petroli kwa ruzuku, na deni la ruzuku hiyo likavimba. Petro, rais wa walala hoi, ndiye aliyeiachia bei ipande mwezi baada ya mwezi, kutoka takriban peso 9,000 kwa galoni hadi zaidi ya 15,000. Alisema ruzuku ile ilimfaidi zaidi mwenye gari, na kwa petroli alikuwa sahihi. Alipogusa dizeli, Septemba 2024, madereva wa malori walifunga barabara na ikabidi apunguze kasi, maana dizeli ndiyo inayobeba viazi kutoka mlimani. Ilani haikumwambia mpiga kura kwamba fedha za kumlipa mzee na fedha za kushikilia bei ya petroli ni zile zile.

Haya yote nilimweleza mjomba mwaka huu, mwembe uleule, jamvi lileile. Alinisikiliza bila kukatiza mpaka nilipomaliza habari ya petroli. Nilidhani ataniuliza kuhusu gesi.

"Rudi pale pa wazee," akasema. "Na yule ambaye hakuajiriwa popote, wa jembe tu, naye yumo?"

Nikamwambia yumo, ndiye aliyewekewa sheria.

"Ameshaanza kulipwa?"

Nikamweleza kwamba Juni 2025, wiki chache kabla ya sheria kuanza, Mahakama ya Katiba ya Kolombia iliirudisha kwa Baraza la Wawakilishi la huko kwa kasoro ya namna kura ilivyopigwa, na tarehe 1 Julai ikapita bila sheria kuanza. Mjomba ana miaka 72. Alichukua kamba ya katani, akafunga mdomo wa gunia, akarudia fundo la pili, kisha akaniashiria nishike upande wa pili tulibebe.